Rekodi za Afya za Wanajeshi wa Marekani: Maswali na Majibu ya Marudio

1. Kwa nini rekodi za mgonjwa mmoja hukaa kwenye mifumo miwili? (alama 2)
Akiwa jeshini hutibiwa na Wizara ya Ulinzi. Akishatoka, huweza kuhudumiwa na Wizara ya Wanajeshi wa Zamani, VA kwa kifupi. Kila wizara ilijijengea mfumo wake: VA ilikuwa na VistA, jeshi CHCS na baadaye AHLTA.

2. Taja madhara mawili ya rekodi kutomfuata mgonjwa. (alama 2)
(a) Daktari mpya asipojua mzio na dawa za mgonjwa, huweza kumwandikia dawa ya kumdhuru au kurudia vipimo.
(b) Madai ya fidia ya ulemavu hukwama, kwani ni lazima ithibitike kuwa jeraha au ugonjwa ulitokana na utumishi.

3. Tofautisha ngazi tatu za kushirikishana rekodi. (alama 6)
*Kuona:* daktari husoma taarifa za upande wa pili bila kuzibadilisha, kama kwenye Joint Longitudinal Viewer.
*Kubadilishana:* taarifa huingia katika mfumo wa pili kwa istilahi zinazolingana, hivyo kompyuta yenyewe humwonya daktari dawa zinapogongana.
*Rekodi moja:* pande zote mbili huandika katika faili lile lile.

4. Orodhesha hatua kuu za kutafuta rekodi moja. (alama 4)
- 2011: wizara zakubaliana kujenga mfumo wa pamoja, iEHR. Februari 2013 mpango waachwa kwa sababu ya gharama na ucheleweshaji.
- Julai 2015: jeshi laipa kampuni ya Leidos, ikishirikiana na kampuni ya Cerner, mkataba wa dola bilioni 4.3. Mfumo waitwa MHS GENESIS.
- Mei 2018: VA yasaini na Cerner mkataba wa dola bilioni 10.
- Machi 2024: mfumo waanza kutumika katika kituo cha Lovell, North Chicago, kinachohudumia wanajeshi na wanajeshi wa zamani pia.

5. "Kununua programu moja kunatosha." Jadili. (alama 6)
Hakutoshi. VA ilianza kuutumia mfumo wa Cerner mjini Spokane, Oktoba 2020. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa VA ya Julai 2022 ilionesha kuwa maagizo zaidi ya 11,000 ya madaktari yaliangukia kwenye foleni ambayo wahudumu hawakuijua. Baadhi ya wagonjwa walidhurika. Aprili 2023 VA ilisitisha usambazaji, ilhali jeshi liliukamilisha Machi 2024. Hospitali za VA zilikuwa zimezoea VistA kwa miongo mingi, na taratibu zao za kazi hazikubadilika kwa kusaini mkataba. Mafunzo, majaribio na usimamizi wa maagizo huhitajika kabla ya kuwasha mfumo.

Angalizo kwa mtahiniwa: Ukiandika tu kwamba mifumo "iliunganishwa", utapoteza alama. Taja ngazi: kuona, kubadilishana au rekodi moja.