Kupimwa disleksia ukiwa mtu mzima: kipimo cha Kifaransa, msomaji wa Kiswahili

Makala hii inauliza swali moja. Mtu mzima aliyekulia Lubumbashi katika Kiswahili, akasomeshwa kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, akienda kupimwa disleksia, ni kitu gani hasa kinachopimwa?

Nina sababu mbili za kuuliza. Ya kwanza inahusu fani yetu: kila kipimo cha kusoma ni kipimo cha lugha, na lugha ndiyo kazi yetu. Ya pili inanihusu mwenyewe. Nina miaka 24, nasoma polepole tangu shule ya msingi, na mwaka jana nilijilipia kupimwa kwa mtaalamu binafsi ili nijue kama nitaweza kumaliza kazi yangu ya mwisho wa masomo katika muda uliowekwa. Nitasimulia niliyoyapitia pale tu yanapofafanua jambo.

1. Neno na maana yake

Neno disleksia lilibuniwa mwaka 1887 na Rudolf Berlin, daktari wa macho Mjerumani, aliyekuwa akieleza watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan alieleza habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na mwenye macho mazima, ambaye hata hivyo hakuweza kujifunza kusoma. Maana tunayoitumia leo inatokana na mfano huo wa pili: ugumu wa kusoma maneno kwa usahihi na kwa wepesi, na wa kuyaandika, unaoanza utotoni na usioelezwa na upungufu wa akili, macho, masikio au shule. Watafiti wengi wanaona kiini chake katika fonolojia, yaani katika kuzitambua sauti za lugha na kuziunganisha haraka na herufi. Dispraksia ni jambo jingine: inahusu kuratibu viungo vya mwili, pamoja na mwandiko wa mkono. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, lakini hapa nazungumzia ya kwanza tu.

Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiitwacho DSM-5, cha mwaka 2013, kina vipengele viwili ambavyo mwanafunzi wa lugha anapaswa kuvijua. Kimoja kinasema kwamba kwa mtu wa miaka 17 na zaidi, historia ya matatizo yake iliyoandikwa inaweza kushika nafasi ya vipimo rasmi. Kingine kinataka mpimaji ahakikishe kwamba ugumu hautokani na kutoimudu lugha ya kufundishia.

Kipengele hiki cha pili ni cha haki, lakini kwetu kinaweza kufunga mlango kwa kila mtu. Mwanafunzi wetu akisoma Kifaransa polepole, jibu liko tayari: Kifaransa chake hakitoshi. Nimeambiwa hivyo miaka mingi, na walioniambia hawakuwa na nia mbaya. Njia ya kutoka ni moja: kuangalia kama ugumu uleule unaonekana pia katika lugha ninayoimudu, yaani Kiswahili.

2. Othografia hazilingani

Hapo ndipo swali linapokuwa la kiisimu. Philip Seymour na wenzake walichapisha mwaka 2003 ulinganisho wa watoto wa nchi kadhaa za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Maneno mepesi waliyoyazoea, watoto wa Kifini waliyasoma sawasawa kwa asilimia 98, wa Kihispania 95, wa Kifaransa 79, na wa Kiingereza 34. Watoto wa Kiingereza si wajinga kuliko wa Kifini. Ni kwamba katika Kifini kila herufi ina sauti yake, na katika Kiingereza mambo yamevurugika.

Je, hiyo ina maana kwamba katika lugha yenye othografia wazi hakuna disleksia? Eraldo Paulesu na wenzake walijibu mwaka 2001 kwa kupima wanafunzi wa vyuo vikuu, watu wazima kama sisi, wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano wenye disleksia walisoma kwa usahihi zaidi kuliko Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Lakini katika kazi za fonolojia wote walikuwa na udhaifu, na picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule wa utendaji upande wa kushoto. Heinz Wimmer naye, akichunguza watoto wa Kijerumani, alikuwa ameonyesha mwaka 1993 kwamba katika othografia wazi dalili kubwa ni mwendo wa polepole kuliko makosa.

Kiswahili kiko upande wa Kifini na Kiitaliano. Basi mpimaji anayehesabu makosa tu atamwona msomaji wa Kiswahili mwenye disleksia kuwa mzima kabisa. Anatakiwa kushika saa.

3. Yanayofanyika katika kikao

Ortofonisti niliyemwendea alinipima katika vikao vitatu, na nililipa kikao kwa kikao, kimoja kila mwezi. Cha kwanza kilikuwa mahojiano: lugha za nyumbani, umri wa kuanza shule, nani katika ukoo anasoma kwa shida. Mama yangu alikuwa ametunza bulletini zangu zote za shule ya msingi, na maneno "anasoma polepole" yamo katika karibu kila mwaka. Kumbuka kipengele cha DSM-5: karatasi hizo si kumbukumbu za familia tu, ni ushahidi.

Cha pili kilikuwa cha kusoma kwa sauti. Kipimo kinachojulikana zaidi kwa Kifaransa ni l'Alouette cha Pierre Lefavrais, cha mwaka 1967, ambacho viwango vyake vilisahihishwa mwaka 2005. Ni matini ya maneno 265 inayosomwa kwa dakika tatu. Imeandikwa makusudi bila maana iliyo wazi, ili msomaji asiweze kukisia neno linalofuata. Baadaye huja orodha tatu: maneno ya kawaida, maneno yenye tahajia ya ajabu kama femme, monsieur na oignon, na maneno ya kubuni yasiyo na maana.

Cha tatu kilikuwa cha imla, kucheza na sauti (kutoa sauti moja katika neno na kutamka kinachobaki), kutaja haraka picha au rangi, na kukariri tarakimu.

Sasa tuangalie vipimo hivi kwa jicho letu. Viwango vyake vilikusanywa Ufaransa. Orodha ya tahajia za ajabu hupima kusoma, lakini hupima pia ni mara ngapi umekutana na neno hilo. Asiyekuwa na vitabu vya Kifaransa nyumbani anaanza nyuma. Matini ya l'Alouette ina maneno ambayo mtoto wa Paris huyasikia kwa bibi yake na mimi niliyakuta katika kamusi.

Tarakimu nazo zina mtego. Moja, mbili, tatu, tano zina silabi mbili kila moja. Un, deux, trois, cinq zina silabi moja. N. C. Ellis na R. A. Hennelly walionyesha mwaka 1980, kwa Kiwelisi na Kiingereza, kwamba urefu wa majina ya tarakimu hubadilisha idadi ambayo mtu anaweza kuikariri. Huwezi basi kuchukua kiwango cha Kifaransa ukakitumia kwa Kiswahili. Rangi ni vilevile: wengi wetu mjini tunasema ble na ver, na neno "kijani" linahitaji kutafutwa kichwani. Atakayesitasita hapo hakusitasita kwa sababu ya disleksia.

Kipimo chenye haki zaidi ni maneno ya kubuni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaona. Ndiyo maana nilimwomba mtaalamu tuongeze orodha ya Kiswahili. Alikubali kwa sharti moja: "Sawa papa, lete orodha yako, lakini alama sitatoa." Alikuwa na haki. Bila viwango hakuna alama, kuna uchunguzi tu.

4. Orodha ya Kiswahili

Nilitengeneza orodha mbili, maneno 40 ya kweli na 40 ya kubuni, yenye silabi mbili hadi tano. Maneno ya kubuni yanafuata fonolojia ya Kiswahili: kila silabi inaishia kwa irabu, na konsonanti zenye ung'ong'o mbele zimo. Mifano: bemu, dopika, mbasuke, nyopelaga, kindorumeshi. Niliacha maneno yanayoanza kwa m yenye silabi yake, kwa sababu mbili. Kwanza, maandishi hayaionyeshi: mbuni wa mashine ana silabi tatu, mbuni ndege ana mbili. Pili, sisi husema mutu na mukubwa, na msomaji angesita kwa ajili ya lahaja.

Wanafunzi sita wa mwaka wangu, waliosoma kwa Kifaransa kama mimi, walikubali kusoma orodha zilezile. Makosa yetu sote niliyagawa katika mafungu matatu, na mgawanyo huu ndio ninaotaka msomaji aukumbuke.

Fungu la kwanza ni makosa ya lahaja. Anayeona "hapa" akasoma apa, "kazi" akasoma kaji, "dhambi" akasoma zambi, amesoma vizuri. Amekitamka Kiswahili cha nyumbani kwao.

Fungu la pili ni makosa ya herufi za Kifaransa. Hatukufundishwa kusoma Kiswahili shuleni. Tulikikuta baadaye na kukisoma kwa funguo za Kifaransa. Hivyo "chai" inakuwa shai, "gi" inakuwa ji, na "u" inatamkwa kama katika rue. Hili nalo si disleksia.

Fungu la tatu ni makosa ambayo lahaja wala Kifaransa haviyaelezi: kubadilishana silabi (kitamaduni ikasomwa kimataduni), kuruka silabi (walipokuambia ikasomwa walipokumbia), kuchanganya b na d. Kila msomaji hufanya makosa haya akichoka. Yakirudi mara kwa mara pamoja na mwendo wa polepole, ndipo yanapokuwa dalili.

Hata othografia wazi ina ugumu wake. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza watoto wa Tanzania, walichapisha mwaka 2003 makala inayosema hivyo tangu kichwa chake: kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya utaratibu si kazi ndogo. Kwetu nadhani ugumu mkubwa uko katika urefu wa vitenzi. Neno kama "hawakutusahaulisha" ni sentensi nzima, na asiyeweza kushika silabi za mwanzo hadi afike mwisho analazimika kurudi.

Katika maneno ya kweli, wenzangu na mimi hatukupishana sana kwa makosa. Katika maneno ya kubuni, wote sita walimaliza kabla yangu, na fungu la tatu lilikuwa langu zaidi kuliko lao. Ni watu sita tu, na sidai zaidi. Lakini mtaalamu aliliandika katika ripoti yake: ugumu unaonekana katika lugha zote mbili, kwa hiyo hauelezwi na Kifaransa peke yake. Jina alilolipa ni disleksia.

5. Ripoti inafaa nini?

Si dawa. Kwangu imefaa kwa mambo matatu. Nasikiliza makala kwa programu ya simu inayosoma kwa sauti, na macho yanafuata. Mwelekezi wangu anapokea sura moja moja badala ya kusubiri zote. Na katika mitihani ya kuandika, maprofesa wawili waliniongezea muda.

Mwingine alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba pasipo sheria, kumwongezea mmoja ni kuwaonea wengine. Siwezi kusema hoja hiyo ni ya ovyo. Lakini inaonyesha tulipo: mwanafunzi mwenye ripoti anategemea moyo wa kila mwalimu, na asiyeweza kulipia ripoti hana hata hicho cha kutegemea.

Ndugu mwanafunzi anayefikiria kupimwa, uliza kabla ya kutoa feza yako: Macho na masikio yako yamekwisha kuchunguzwa? Kipimo ni kipi, na viwango vyake ni vya watu wa umri gani na wa nchi gani? Kiswahili chako kitaangaliwa? Ripoti itapendekeza hatua, au itatoa jina tu? Na kabla ya yote, omba nyumbani bulletini zako.

6. Hitimisho

Mtaalamu hana viwango vya Kiswahili cha kwetu kwa sababu hakuna aliyempa. Kazi hiyo si yake, ni yetu. Kitivo hiki kina watu wanaojua lahaja hii, vinasa sauti, na wanafunzi wengi wa kusoma orodha. Tukipata wasomaji mia moja tu, wa miaka tofauti ya masomo, tutaweza kusema mwendo wa kawaida ni upi, na kosa lipi ni la lahaja. Kazi kama hiyo ingemfaa mtoto wa shule ya msingi kuliko inavyonifaa mimi.

Orodha zangu mbili nimeziacha kwa wahariri wa jarida hili. Kuzisoma hakuchukui zaidi ya dakika chache. Nawaomba maprofesa na maasistanti nao waje, maana kiwango cha watu wazima hakikusanywi kwa wanafunzi peke yao.