Manjano, Chembe za Nano na Swali la Halali



Katika masomo yangu ya sayansi ya chakula nimekutana na jambo linalotuhusu sisi Waislamu. Nitalieleza kwa mfano wa manjano.

Rangi ya manjano hutokana na kurkumini, kitu ambacho watafiti wengi wanakichunguza kwa sababu hupunguza uvimbe katika majaribio ya maabara. Tatizo ni kwamba haiyeyuki vizuri katika maji, na ile kidogo inayopenya kwenye utumbo hugeuzwa upesi na ini, kisha hutolewa. Tunakula nyingi, mwili unabaki na kidogo.

Njia mojawapo ya kuisaidia ni kuifunga ndani ya chembe ndogo mno za kabohaidreti, zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Nataja kabohaidreti tatu:

1. Alginati, itokayo kwenye mwani. Hujikaza katika asidi ya tumbo, kisha hulegea utumboni na kuachia mzigo.

2. Pektini, itokayo kwenye maganda ya machungwa. Vimeng'enya vyetu haviisagi. Huvunjwa na bakteria wa utumbo mpana.

3. Kitosani, itokayo kwenye magamba ya kamba na kaa. Ina chaji chanya, hivyo hunata kwenye ute wa utumbo na kuipa kurkumini muda wa kupenya.

Sasa swali la halali. Vidonge vingi vya ganda laini hutumia jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe. Alginati na pektini zinatuepusha na hilo. Kitosani inahitaji kutazamwa: kwa Hanafi kaa haliwi, na kuhusu kamba wanazuoni wao wamekhitalifiana. Hata hivyo, ipo kitosani inayotengenezwa kwa kuvu. Tena, kurkumini mara nyingi huyeyushwa kwanza kwa ethanoli, basi tuulize imeondolewaje.

Nasisitiza pia kwamba kufika kwenye damu si sawa na kuponya. Majaribio mengi ya chembe hizi yamefanywa kwa seli na wanyama. Anayetumia dawa za hospitali, hasa za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kumeza vidonge vya manjano.

Kwa hiyo, ukiona kopo limeandikwa "nano", uliza mambo matatu: kabohaidreti gani, imetoka wapi, na imejaribiwa kwa nani?

Wallahu a'lam.