Mtoto Mwenye Hali ya Down: Mama Hana Kosa

Mtoto akizaliwa na uso bapa, macho yaliyopanda kidogo kwenye ncha za nje na viungo vilivyolegea, mara nyingi maneno huanza. Wengine husema mama amerogwa, wengine kwamba alivunja mwiko. Mwezi huu tuone ukweli ulivyo.

Hali hii imepewa jina la John Langdon Down, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilitangazwa mwaka 1959 huko Ufaransa na madaktari Lejeune, Gautier na Turpin.

Chanzo ni nini?
Mwili wetu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo sana. Kwa kawaida kila seli ina kromosomu 46, nyuzi nyembamba zinazobeba urithi: 23 za mama na 23 za baba. Zimepangwa jozi 23. Yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa, kila jozi hugawanyika. Mara nyingine jozi ya namba 21 haiachani. Hapo mtoto hupata kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, jumla 47. Ndivyo ilivyo kwa watoto wapatao 95 katika kila 100 wenye hali hii. Jambo hili hutokea kabla mimba haijatungwa. Halitokani na uchawi, chakula wala kazi aliyofanya mama, na haliambukizi.

Je, umri wa mama una maana?
Ndiyo. Kwa mama wa miaka 20 ni mtoto 1 katika 1,500 hivi. Miaka 35, 1 katika 350. Miaka 40, 1 katika 100. Hata hivyo mama vijana nao huwapata watoto hawa.

Je, ni ya ukoo?
Mara chache. Kwa watoto 3 au 4 katika 100, kromosomu ya ziada imeshikamana na nyingine, na baadhi yao wameirithi hivyo kwa mzazi ambaye mwenyewe ni mzima. Mzazi huyo aweza kuwa mama au baba. Kipimo cha kromosomu katika damu ndicho huonyesha.

Tufanye nini?
Hakuna dawa ya kuondoa kromosomu ya ziada, lakini matunzo yapo:
1. Mtoto apimwe moyo mapema, hata akionekana mzima. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo.
2. Apimwe masikio, macho na tezi ya shingo.
3. Anyonyeshwe kwa uvumilivu, kwani misuli yake ni dhaifu.
4. Achezeshwe, asemeshwe, apelekwe shule. Huchelewa kutembea na kusema, lakini hujifunza.

Nchini Marekani, mwaka 1983 watu hawa waliishi wastani wa miaka 25. Leo ni karibu 60. Matunzo ndiyo yaliyoleta tofauti hiyo.

Kwa hiyo, akina baba, msiwatupie wake zenu lawama. Na wewe jirani, ukijua mtoto aliyefichwa ndani, washauri wazazi wake wampeleke kliniki wiki hii.