Zipu Ikikataa Kufunga, Usitupe Vazi

Mkulima anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe kule Kinangop anajua thamani ya jaketi linalofunga mpaka shingoni. Sehemu zile ziko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na mwezi wa Julai baridi yake haina mzaha. Lakini pita katika skimu asubuhi utaona watu wengi wamefunga jaketi kwa pini, au kwa kipande cha kamba, au wameliacha wazi kabisa. Ukiwauliza sababu, jawabu ni moja: "Zipu imekufa." Na nyumbani kwa mtu huyo huyo kuna begi la mtoto wa shule lililotupwa pembeni, na viatu vya mama vilivyowekwa chini ya kitanda, vyote kwa ugonjwa huo huo mmoja.

Somo letu la mwezi huu ni hili: zipu nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa hazijafa. Zimeumia katika kiungo kimoja tu, na kiungo hicho waweza kukitengeneza mwenyewe kwa koleo, au kukibadilisha kwa bei ndogo sana ukiilinganisha na bei ya jaketi. Kabla ya kutoa pesa ya chakula cha ng'ombe kununua begi jipya kila muhula, tazama kwanza ni kiungo gani.

Zipu ina tepe mbili za kitambaa, na kila utepe umebeba safu ya meno. Kuna kichwa, yaani kile kidude kinachopanda na kushuka, pamoja na kishikio chake cha kuvutia. Kuna vizuizi vya juu vinavyokizuia kichwa kisitoke. Chini, zipu ya suruali au ya begi ina kizuizi kimoja kilichofunga safu zote mbili. Lakini zipu ya jaketi huachana kabisa, kwa hiyo upande mmoja una pini na upande wa pili una kijumba cha kuingizia pini hiyo.

Kazi yote hufanywa na kichwa. Ndani yake, upande wa mbele, mna kabari ndogo. Unapokishusha, kabari hiyo huyatenga meno kama kabari ya chuma inavyopasua gogo. Unapokipandisha, kuta zake za pembeni huyasukuma meno yakutane, jino moja likaingia kati ya mawili ya upande wa pili, na yakitoka nyuma yamekwisha kushikana. Mhandisi Gideon Sundback, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeitengeneza zipu ya namna hii mwaka 1913. Na jina lenyewe la zipu lilipata sifa kwa sababu ya viatu: katika miaka ya 1920 kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani iliuza viatu vya mpira vya kuvaa matopeni vilivyofungwa kwa zipu, ikaviita kwa jina hilo. Kwa hiyo mkulima na zipu ni marafiki wa siku nyingi.

Sasa tuje kwenye ugonjwa ulio wa kawaida kuliko yote. Unapandisha kichwa, kinapanda vizuri, lakini nyuma yake meno yanabaki wazi, au yanashikana kisha yanapasuka katikati. Watu husema meno yamekwisha. Mimi pia nilisema hivyo. Nilikuwa na jaketi zuri la mtumba, nikanunua zipu mpya nzima, nikampelekea fundi sokoni. Kijana yule aliitazama ile ya zamani, akaniambia, "Mzee, meno haya ni mazima. Taya ndiyo imelegea." Akachukua koleo, akabana mara mbili, zipu ikafunga. Zipu yangu mpya nilirudi nayo mfukoni.

Taya aliyoisema ni hii. Kichwa kina bamba la juu na bamba la chini, na kati yao pembeni kuna uwazi ambamo utepe hupita. Kwa kuvutwa kila siku, hasa kukiwa na mchanga, chuma hulika na uwazi ule hupanuka. Hapo kichwa hakiwezi tena kuyabana meno yashikane. Dawa yake ni kuurudisha uwazi. Kwanza rudisha kichwa polepole mpaka mwanzo wa zipu. Shika koleo dogo, bana ukingo wa kulia wa kichwa, kule nyuma ambako meno hutoka yakiwa yameshikana, kisha bana ukingo wa kushoto kwa nguvu ile ile. Bana kidogo tu, jaribu, halafu bana tena kama haijatosha. Ukibana kwa pupa utapatwa na moja ya hasara mbili: kichwa kitakaza kisitembee, au kitavunjika, kwa maana vichwa vingi vimetengenezwa kwa madini ya kuyeyushwa ambayo hayapendi kupindwa. Na ujue kwamba kichwa kilichobanwa hakirudi kuwa kipya. Baada ya muda kitalegea tena, na siku hiyo ndiyo ya kununua kingine.

Kununua kichwa kuna maarifa yake, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Geuza kile cha zamani utazame mgongoni. Mara nyingi utaona nambari: 3, 5, 8 au 10. Nambari hiyo hukaribia upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Nambari 3 ni ya gauni na sketi, nambari 5 hupatikana sana kwenye jaketi na mabegi, na nambari 10 ni ya mizigo mizito na mahema. Lakini nambari peke yake haitoshi. Meno yako ya aina tatu: ya chuma, ya plastiki nene ambapo kila jino limesimama peke yake, na ya uzi mgumu wa nailoni uliojisokota kama springi. Kichwa nambari 5 cha nailoni hakifai kwenye zipu nambari 5 ya chuma. Kwa hiyo usiende dukani na maneno matupu. Nenda na kichwa kile cha zamani, au na vazi lenyewe.

Kukivisha katika jaketi si kazi ngumu. Ng'oa kwa koleo kizuizi cha juu cha upande wenye kijumba, lakini usiuchane utepe. Toa kichwa kibovu kwa juu. Ingiza kipya kwa juu vile vile, kishikio kikiwa nje na ule upande wa midomo miwili ukielekea kwenye kola. Kishushe mpaka kijumbani, ingiza pini ya upande wa pili, upandishe ujaribu. Ikifunga sawa, weka kizuizi kipya, au shona pale juu nyuzi nene mara sita au saba mpaka pawe na fundo litakalokizuia kichwa. Nimeona watu wakisahau fundo hili, kisha jioni hiyo hiyo wakakipoteza kichwa kipya katika nyasi za malisho.

Begi na suruali huvishwa kwa chini. Fumua mshono kidogo mwisho wa zipu, ondoa kizuizi cha chini, kisha sawazisha ncha za tepe mbili ziwe urefu mmoja kabisa. Ingiza kila ncha katika mdomo wake wa kichwa kwa pamoja, ukivute kichwa mbele. Upande mmoja ukitangulia hata kwa jino moja, zipu itatoka na nundu na haitafunga. Toa uanze upya. Ikikubali, shona ncha zile kwa uzi imara, urudishe mshono.

Zipu nzito kuvutwa, ambayo bado inafunga, haihitaji koleo. Inahitaji kuoshwa. Chukua mswaki mzee na maji ya sabuni, sugua meno yote, suuza, anika. Ikikauka, pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno mara kadhaa. Kwa meno ya chuma, hata penseli ya kawaida hufaa. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi ya trekta, kwa maana mafuta hushika vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama tupa ya kulia chuma.

Kuna zipu ambazo haziponi, na ni vema kuzitambua mapema usije ukapoteza siku. Jino likitoka katikati, hakuna dawa ya maana. Likitoka karibu kabisa na chini katika suruali au begi, waweza kushona hapo juu yake kwa uzi mnene na kuifanya zipu kuwa fupi kidogo. Pini ya jaketi ikipotea, au utepe uliobeba pini ukichanika, waweza kuukaza kwa gundi na uzi upite msimu mmoja, lakini hatimaye ni zipu nzima.

Kubadilisha zipu nzima ni kazi ya kushona, na mwenye cherehani nyumbani anaweza kuifanya. Kabla ya kufumua, funga ile ya zamani kama inafungika, kisha piga alama za chaki pande zote mbili, mkabala wa mifuko na mwanzo wa kola. Alama hizi ndizo zitakazokuokoa. Pima zipu kutoka kizuizi cha chini hadi cha juu, wala usipime utepe. Fumua kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, maana haraka hapa hukata kitambaa. Shona upande mmoja wa zipu mpya kwanza. Ifunge, hamisha alama za chaki kwenye utepe wa upande wa pili, ifungue tena, ushikize upande huo kwa mkono kwa nyuzi ndefu, kisha ndipo upitishe cherehani. Tumia mguu mwembamba wa zipu ili sindano isigonge meno. Ukiruka hatua ya kushikiza, mfuko mmoja utakuwa juu na mwingine chini, na kila atakayekuona sokoni atajua kwamba ulishona mwenyewe.

Katika ovaroli ya kupiga dawa jambo hili si la baridi wala la sura. Mwenye viazi hujua kwamba mvua zikizidi hupiga dawa ya bakajani mara nyingi, na pampu iko mgongoni muda mrefu. Ovaroli ambayo zipu yake imeachia kifuani huingiza dawa hadi kwenye ngozi, na shati la ndani likilowa hukaa na dawa hiyo mwilini mpaka jioni. Pini tatu haziwezi kuziba mahali pale, kwa kuwa kati ya pini na pini pako wazi. Ovaroli ya namna hiyo isivaliwe kupigia dawa mpaka itengenezwe. Kama ina ule mkunjo wa kitambaa unaofunika zipu kwa nje, fundi asiukate ili kurahisisha kazi yake, kwa maana maji ya dawa hupenya katikati ya meno hata zipu ikiwa imefungwa. Mwambie wazi kabla hajaanza. Na kabla ya kumpelekea, ifue peke yake, mbali na nguo za watoto, ukiwa umevaa glavu, kisha uianike juani. Si haki kumpa mtu nguo yenye dawa aishike kwa mikono mitupu na kukata uzi wake kwa meno, kama mafundi wengi wafanyavyo.

Viatu vyenye zipu huharibiwa na matope yaliyokauka kuliko kitu kingine. Vibovu kabisa vipeleke kwa fundi wa viatu. Ukitaka kushona mwenyewe, usitoboe ngozi upya; fuata matundu yale yale ya zamani, maana matundu mengi huifanya ngozi ichanike kama karatasi ya stempu. Tumia uzi mnene uliopakwa nta, wenye sindano kila ncha, zipishane katika kila tundu, moja ikiingia kwa nje na nyingine kwa ndani. Uzi ukikatika mahali pamoja, ule wa upande wa pili bado utashika.

Fundi akikurudishia kitu chako, kivute mbele yake, juu na chini, mara kumi. Jaketi livae kwanza ndipo uvute, na begi litie vitabu, kwa sababu zipu isiyo na mzigo hufunga hata ikiwa mbovu. Kisha mlipe.