Somo la Jiografia: Kwa Nini Zabibu Hustawi Dodoma?

Fungueni ramani ya Tanzania. Wekeni kidole Dar es Salaam, mkisogeze magharibi, mpite Morogoro, mpaka Dodoma. Huko ndiko nyumbani kwa Wagogo, na ndiko kunakolimwa zabibu nyingi za Tanzania, za kula na za kutengenezea mvinyo.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Kwa sababu ya mwinuko huo, usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi.

Sasa fikirini. Kwa mwaka, Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi, na London 600 hivi. Mbona London ni kijani na Dodoma ni kame? Mvua ya London hugawanyika mwaka mzima. Ya Dodoma hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha jua na upepo hukausha udongo. Mahindi hunyauka upesi, ndiyo maana Wagogo hupanda mtama na uwele. Mzabibu nao huvumilia, kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana.

Ulaya, mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, kwa hiyo huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima huuamsha mwenyewe kwa kuupogoa, na baada ya miezi minne hivi vichala huiva. Hivyo anaweza kuvuna mara mbili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba.

Mavuno hayo hayalingani. Msimu wa mvua maji ni ya bure, lakini unyevu huleta ukungu unaoharibu zabibu. Zabibu za kiangazi ni tamu zaidi, ila lazima zimwagiliwe. Mkulima asiye na kisima huzikosa.

Maneno mapya
Kupogoa: kukata matawi ili mti uchipue upya.
Kichala: zabibu nyingi katika kikonyo kimoja.
Kiangazi: majira ya jua yasiyo na mvua.

Maswali
1. Kwa nini mzabibu wa Dodoma haulali?
2. Ungekuwa mkulima, ungetumia fedha zako kuchimba kisima au kuongeza shamba? Toa sababu.
3. Waulize wazazi: kwetu mvua hunyesha miezi gani, na hupandwa nini?