Kufungua Fundo la Ulimi



Katika Sura Ar-Rahman, mara tu baada ya kutaja kuumbwa kwa mwanadamu, Mwenyezi Mungu anataja neema nyingine: kwamba alimfundisha kueleza yaliyomo moyoni mwake. Ng'ombe hulia na ndege huimba, lakini ni mwanadamu awezaye kusimama mbele ya wenzake akasema, "Jambo hili ni haki, kwa sababu hii na hii." Basi mtu aliyepewa neema hii akaiacha ife kifuani mwake amejidhulumu nafsi yake, na mara nyingine huwadhulumu na watu wake.

Tuyatazame mambo yalivyo hapa Bugarama, wilayani Ngara. Wengi wamelelewa kwa Kihangaza au Kishubi, na Kiswahili wamekipata shuleni, sokoni na safarini. Nyumbani mtu husema bila kusita, lakini akisimama katika mkutano mkuu wa kijiji, maneno humkimbia. Hasara yake si ndogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kuidhinisha, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Ugomvi wa mpaka nao huweza kupelekwa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, ambao wasiopungua watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mjane anayeujua vyema mpaka wa shamba la marehemu mumewe, akinyamaza kwa kuona haya, huenda akalikosa shamba hilo. Si kwa kuwa hakuwa na haki, bali kwa kuwa haki yake haikusikika.

Je, uhodari wa kusema ni wa waliozaliwa nao tu? La, hasha. Nabii Musa a.s. alipotumwa kwa Firauni, mfalme mwenye nguvu na majeshi, aliona uzito wa kazi hiyo, akamwomba Mola wake. Dua yake imo katika Sura Taha. Aliomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake, na afunguliwe fundo la ulimi, ili watu wafahamu maneno yake. Kisha akaomba apewe msaidizi, ndugu yake Haruni a.s. Tukiifuata dua hii hatua kwa hatua, tutapata ndani yake somo kamili la kusema.

KWANZA, KIFUA. Nabii Musa a.s. hakuanza na ulimi. Alianza na kifua. Ulimi wa mwenye hofu hata ukijua maneno elfu hautayatoa. Na hofu nyingi huzaliwa na swali moja ambalo msemaji hujiuliza: "Wataniona mimi vipi?" Libadilishe swali hilo. Jiulize, "Je, watalielewa jambo hili?" Ukilifikiria jambo lako kuliko unavyojifikiria wewe mwenyewe, hofu itapungua. Magoti huenda yakaendelea kutetemeka kidogo, lakini hayo hayakuzuii kusema.

PILI, KURAHISISHA KAZI. Mzigo huwa mwepesi ukifungwa vizuri. Kabla hujasimama, jiambie kwa sentensi moja tu kile unachotaka watu waondoke nacho. Ukishindwa kukisema kwa sentensi moja, basi bado hujakijua. Kaa ukifikiri tena. Sikiliza mfano huu:

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa naona kwamba, yaani, tangu zamani za marehemu baba, na yule jirani naye watoto wake, na mwaka ule wa mvua nyingi..."

Hapa wajumbe wamekwisha kuchoka, na jambo lenyewe halijatajwa. Sasa sikiliza hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu na ndugu wajumbe. Jirani yangu amepanda migomba hatua sita ndani ya shamba langu. Nina ushahidi wa namna mbili: miti ya mpakani aliyoipanda marehemu baba ingali imesimama, na wazee wawili waliokuwapo siku ile wako hapa. Naomba baraza lije kuuona mpaka."

Msemaji amesalimu kwa heshima, amelitaja jambo, ametoa ushahidi, na ameeleza anachoomba. Yote hayo hayakumaliza hata dakika moja. Utaratibu huu wa jambo, ushahidi na ombi utakufaa mkutanoni, mahakamani na hata katika mazungumzo ya dini.

TATU, FUNDO LA ULIMI. Mafundo ni ya namna nyingi. Wengi wetu tuliokulia katika lugha za Maziwa Makuu huchanganya "r" na "l". Lakini katika Kiswahili kura si kula, karamu si kalamu, na mahari si mahali. Fundo hili hufunguliwa kwa mazoezi: yatamke maneno hayo mawili-mawili, polepole na kwa sauti, kila siku. Wala usingoje ulimi unyooke kabisa ndipo useme. Matamshi ya nyumbani si aibu. Tunayanyoosha ili watu wasikose maana.

Fundo jingine ni haraka. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akisema kwa utulivu, hata aliyetaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Na kwamba alikuwa akilirudia neno mara tatu ili lifahamike. Basi pumua, tua, kisha endelea. Kimya kifupi katikati ya maneno si udhaifu. Humpa msikilizaji nafasi ya kufikiri.

Na anayedhani kwamba lugha ya kujifunza ukubwani haiwezi kusemwa kwa ujasiri, na amkumbuke Joaquim Chissano, Rais wa zamani wa Msumbiji. Alizaliwa kusini ya nchi hiyo, ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani. Alikipata Tanzania katika miaka ya kupigania uhuru. Mwezi Julai 2004, mjini Addis Ababa, alisimama mbele ya viongozi wa Umoja wa Afrika akawahutubia kwa Kiswahili. Hakuwa ameinyonya lugha hiyo kwa mama yake, wala hilo halikumzuia.

NNE, ILI WAFAHAMU. Hili ndilo kusudi la yote. Nabii Musa a.s. hakuomba asifiwe, wala hakuomba awashinde watu kwa maneno, aliomba afahamike. Kwa hiyo chagua neno ambalo bibi aliyeketi nyuma kabisa atalielewa. Neno kubwa usiloweza kulieleza, liache. Nawe unayeitafuta dini, swali lako pia ni maneno: liulize wazi, moja baada ya moja, wala usiitikie jambo usilolielewa. Kuuliza si ujinga.

Lakini hapa yapasa tahadhari. Katika Sura Zukhruf, Firauni alimdharau Musa a.s., akidai kwamba hawezi hata kueleza maneno yake vizuri. Na nani kati yao alikuwa na haki? Ufasaha si ushahidi wa ukweli. Usimkatae mtu kwa sababu anagugumia, wala usimkubali mwingine kwa sababu maneno yake yanateleza kama siagi. Ufasaha ni chombo; mwizi naye aweza kuwa nacho.

TANO, MSAIDIZI. Ikiwa Nabii wa Mungu aliomba msaidizi, sisi tutaona haya gani? Katika chuo cha dini nilikosoma ng'ambo, tulisimama kwa zamu mbele ya wenzetu na kusema kwa lugha isiyo yetu, na aliyekaa ndiye aliyemsahihisha aliyesimama. Nawe mtafute Haruni wako: mke, mume, rafiki au mwanao anayesoma. Chagua jambo moja, kwa mfano kwa nini kijiji kitengeneze njia ya kisimani. Lieleze kwanza kwa lugha ya mama yako, ili fikira zinyooke. Kisha lieleze kwa Kiswahili kwa dakika tatu. Halafu usiulize, "Nimesema vizuri?" kwani mpenzi wako atakusifu tu. Mwambie, "Hebu nirudishie nilichosema." Atakachoweza kukurudishia ndicho ulichokisema kweli, kilichobaki kingali kifuani mwako.

Fanya hivyo mara mbili kwa juma, na mkutano ujao wa kijiji usimame, japo kwa sentensi tatu tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenyezi Mungu atukunjulie vifua vyetu, atufungulie mafundo ya ndimi zetu, na atujaalie kusema kweli hata mahali ambapo kunyamaza ni rahisi zaidi. Amin.