Tangi Lipi Litangulie?

Swali: Huirusha F-5 kwenye kompyuta hapa Eldoret. Nianze na mafuta ya tangi lipi?

Jibu: Ndege hiyo, ambayo jeshi letu la anga limekuwa nayo tangu 1978, yataka kwanza umalize mafuta ya matangi ya nje, kwani ndiyo yaongezayo ukinzani wa hewa na ndiyo yatupwayo adui akidhihiri. Ama ya ndani, tangi la mbele hulisha injini ya kushoto, na ya kati na nyuma hulisha ya kulia. Basi upande mmoja ukipungua kupita mwenziwe, mizani ya ndege huharibika. Hapo fungua vali iunganishayo pande mbili, kisha zima pampu ya upande uliopungua, injini zote zinywe kwenye akiba kubwa. Vipimo vikilingana, washa pampu upesi na ufunge vali. Vijana wengi, wakishughulika na shabaha, hughafilika na hilo.